Zimwi Lenye Kidole Changu

Batuan, mwezi wa tano, mvua za kwanza

Karatasi hii ina mguu wa zimwi upande wa pili. Mwanangu Nyoman Ranjug aliuchora, kisigino kikamshinda, akautupa. Mimi situpi kitu. Maganda namlisha nguruwe, karatasi nazila mwenyewe. Shule sikuikanyaga. Herufi nilizipata kwa kumshikia baba yangu jani la mvumo alipokuwa akizichonga kwa kisu, na alidhani namshikia tu.

Leo jioni tumeanza rejang. Wanawake watacheza kila jioni, mtaa kwa zamu, katika banda kubwa la hekalu mpaka mwezi wa tisa ufe. Huu ndio msimu ambao Bwana Mwenye Chonge anavuka maji kutoka kisiwa cha Nusa na jeshi lake kuja kuchukua watoto. Akikuta wanawake wanacheza, anakaa kutazama na kusahau alichokijia. Ni mwanamume kama wengine.

Nimecheza mstari wa mbele. Goti limelia kama mlango.

Siku iliyofuata

Mvua. Panya ameingia kwenye kapu la mchele.

Mwezi wa tano, Kajeng Kliwon

Siku ya mashetani leo, nimeweka wali na chumvi na kitunguu mlangoni. Mjukuu wangu Luh Tuwi amekula kile kitunguu. Nikamwambia mashetani watamdai. Akasema, hapana. Hilo ndilo neno lake jipya, analisema hata kwa jogoo.

Nyoman anachora tangu asubuhi. Vijana wengi hapa siku hizi wanachora, wageni wanaoishi kule Ubud wananunua. Wengine wanachora wasichana na mashamba ya mpunga. Wangu anachora madubwana. Leo kuna jitu linakula mtu kuanzia miguuni, na huyo mtu bado anabishana na muuza nyama kwamba nguruwe amepimwa vibaya. Kuna kichwa kinaruka peke yake, matumbo yananing'inia chini, na kwenye matumbo mtu ameanika nguo.

Nilimwambia ni upuuzi. Kisha nikaenda jikoni nikacheka mpaka moshi ukaniingia kooni.

Mwezi wa sita

Nyoman anakwenda kwa mganga, mzee Pan Gejer, karibu kila siku. Anasema anamsagia wino wa hirizi zake, kwa kuwa macho ya mzee yameingia weupe. Vizuri. Mtoto wangu ana moyo, ingawa hana akili ya kufunga zizi la nguruwe.

Mwezi wa sita, mvua haikatiki

Mkwe wangu Men Soka alipita. Ni mama wa Rempen, mke wa Nyoman, na anakaa ng'ambo ya korongo, upande wa kusini. Ni mtu msafi kupita kiasi. Hata kuku wake unaweza kudhani wamechanwa. Alileta keki za mchele, akaniambia ua wangu unanuka wino. Nikamwambia wa kwake haunuki chochote, na hilo ndilo linalonitisha.

Tunapendana hivyo miaka yote.

Mwezi wa sita, siku moja ya jua

Lazima niandike hili kabla halijanitoka.

Nyoman amefungua mchoro mkubwa, mrefu kuliko mkeka wa mtoto, ameushikilia kwa matofali barazani ukauke. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Niliiweka chini na sijui niliiweka lini.

Ni msitu. Hakuna mahali pa kupitisha hata sindano, kila kona ina jani, na kila jani lina jani jingine nyuma yake. Nimemwona akilifanya giza lile. Anapaka wino mwembamba kama maji ya kuoshea mchele, anangoja ukauke, anapaka tena, na tena, mpaka giza linatoka lenyewe ndani ya karatasi. Ukitazama kwa muda, majani yanaanza kuwa na macho. Halafu unaona si macho ya majani. Ni wao, leyak, wale watu wenzetu wanaojigeuza usiku. Mmoja ni nguruwe mwenye hereni, mwingine nyani aliyevaa kilemba cha kuhani, mwingine ana titi moja amelitupa begani kama taulo. Wamepanga foleni kuelekea kwa maiti aliyelala juu ya machela, kila mmoja ana sahani yake. Na maiti ameinuka kidogo, anamwomba wa kwanza kipande cha tambuu.

Katikati, juu ya wote, amesimama mzee wao. Mwanamke. Mguu mmoja juu, mkono umeinuliwa, nywele hadi magotini, ulimi wa moto. Wengine wote wanachekesha. Huyu hachekeshi. Sijawahi kuona kitu kibaya hivyo, na sikutaka kuacha kukitazama. Katika maisha yangu nimeona mlima ukitema moto na nimeona maiti ya mfalme ikichomwa pamoja na mnara wake. Mambo hayo yalikuwa makubwa, nami nikawa mdogo. Hiki ni karatasi na masizi, na nikawa mdogo vilevile.

Nikamuuliza mwanangu kwa nini hachori mtu mzuri hata mara moja. Akasema, "Mama, mtu mzuri ukimchora anatulia. Hawa hawatulii."

Ndoo, nguruwe ameinywa yote.

Siku mbili tatu baadaye

Men Soka amekuja na keki tena. Akaenda kuutazama mchoro, maana mtaa mzima unapita kuutazama. Mimi nilikuwa nimeketi kando nakunja tambuu. Alimtazama yule mwanamke wa katikati. Akautazama mkono wangu. Akarudi kwenye mchoro. Kisha akabeba kapu lake akaondoka, keki zikiwa bado ndani.

Nikainuka kwenda kuona alichokiona. Kidole gumba cha yule leyak, cha mkono ulioinuliwa, kimepinda kwa nje kama ndoana.

Changu kimepinda hivyohivyo. Nilikiponda kwa mchi nikiwa binti.

Nyoman aliapa hakujua. Namwamini. Mkono wake hauombi ruhusa kichwani.

Mwezi wa saba

Mtoto wa jirani yetu mfumaji amekufa kwa homa. Alikuwa bado hajagusa ardhi, walikuwa wakimbeba tu, kama tunavyowabeba wote mpaka sherehe yao. Nilikwenda kusaidia kuosha. Mama yake aliniambia kwa upole kwamba mikono imetosha.

Mikono haikuwa imetosha. Walikuwa wanawake wawili tu.

Mwezi wa saba, jioni ya rejang

Kulikuwa na nafasi katika mstari, upande wangu wa kulia na upande wangu wa kushoto. Mtu angeweza kupitisha nyati. Nilicheza hadi mwisho, nikashusha mikono polepole kuliko wote, ili wakione vizuri hicho kidole wanachokiogopa.

Mimi ni mjane, mzee, nina ulimi mkali na meno meusi ya tambuu. Kama ningekuwa jirani yangu, ningejishuku pia.

Mwezi wa saba, baada ya mwezi mpevu

Luh Tuwi ana homa.

Siku iliyofuata

Homa. Nimempaka kitunguu na mafuta ya nazi utosini. Amesema hapana, lakini kwa sauti ndogo.

Siku yake ya tatu

Men Soka alikwenda kwa Pan Gejer. Mzee akatazama ndani ya bakuli la maji, kwa macho yale yenye weupe, akasema ugonjwa unatoka kwa mwanamke mzee wa upande wa mlima. Upande wa mlima wa kijiji hiki tumejaa wanawake wazee, na mmoja wetu ni dada yake mganga. Lakini Men Soka hakuhitaji mwingine.

Alikuja na kaka zake wawili wakambeba mtoto pamoja na mkeka wake. Rempen alifuata nyuma akilia. Nyoman alisimama njiani akawaambia mtoto ni wake. Men Soka akamjibu, "Ni wako, ndiyo maana namwondoa. Wewe mwenyewe umetuonyesha mama yako ni nani. Umemchora."

Baada ya wao kuondoka Nyoman alikwenda barazani, akaondoa matofali, akaushika mchoro kwa mikono miwili aupasue. Nikamfikia. Sijui goti lilikwenda vipi.

"Ukiupasua watasema kweli imepasuliwa," nikamwambia. "Uache."

Hiyo ilikuwa sababu ya kumpa yeye. Yangu ilikuwa nyingine. Nisingeweza kuvumilia kuona kitu kile kinakufa. Mjukuu wangu alikuwa amechukuliwa kwa ajili yake, na bado nisingeweza.

Mwezi wa nane

Mvua.

Mwezi wa nane

Mvua. Nyoman anakwenda kule kila siku, anaruhusiwa kukaa mlangoni. Anasema homa inapanda na kushuka. Anasema Men Soka amening'iniza juu ya kitanda kitambaa cha kinga kutoka kwa Pan Gejer, cheupe, chenye zimwi katikati na herufi za mganga kuzunguka, cha kumzuia leyak asimguse mtoto. Kila asubuhi anaweka sadaka chini yake.

Nikamuuliza kama ni kikali. Akajikuna shingo akasema kinaonekana kikali. Kisha akaenda kumpa nguruwe chakula, kazi ambayo hajawahi kuifanya bila kutukanwa.

Galungan, sikukuu ya mababu

Tumechinja nguruwe. Nilitenga ini kwa ajili ya Luh Tuwi, kama kila mwaka. Jioni nikampa mbwa.

Mwezi wa nane, Kajeng Kliwon

Leo nilikuwa nachambua mchele Rempen akasimama getini, ameloa chapachapa, hakuingia. Mkamwana wangu ni mtu wa maneno machache, na mama yake aliyatumia yote ya ukoo. Alisimama pale mpaka nikamuuliza kama mtoto amekufa.

Akasema, "Hajafa, Mama. Hali chakula. Analala na kumwita bibi yake, Dadong, Dadong, mchana kutwa. Mama yangu anasema ni wewe unayemwita."

Niliweka ungo chini. Nikafunga kitambaa kichwani. Rempen akasema mama yake hataniruhusu. Nikamwambia hilo ni lao wawili, yeye na ruhusa yake.

Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu, daraja la mwanzi linatingishika. Rempen akanishika kiuno kwa nyuma. Ndiyo mara ya kwanza amenigusa tangu homa ianze. Tulivuka hivyo, kama nguruwe wawili wanaopelekwa sokoni.

Getini kwa Men Soka kulikuwa na majani ya mkadi yenye miiba na misalaba ya chokaa juu ya kila nguzo, yote ya kumzuia leyak. Alitoka na ufagio. Kaka zake wakatoka nyuma yake, bila ufagio, wanatazama chini.

"Hupiti," akasema.

"Una kinga juu ya kitanda. Nitapita chini yake. Kama mimi ni hicho unachosema, nitaanguka. Nikianguka nichomeni, mkipata kuni kavu."

Alifikiri. Mvua ilikuwa ikimwingia mdomoni na hakuufunga. Hatimaye akasogea, kwa sababu anaamini mambo yake kwelikweli, na hilo nimeliheshimu siku zote. Akasema, "Utazame juu unapopita. Usifumbe macho. Likuone vizuri."

Nikaingia. Ndani mlikuwa na nusu giza na harufu ya vitunguu vilivyopondwa. Mtoto amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomwacha, nywele zimeshikana na paji la uso. Nikapita chini ya kitambaa nikatazama juu kama nilivyoambiwa.

Nilikuwa mimi.

Si mimi nilivyo. Macho yalikuwa yametoka nje, chonge zimefika kidevuni, matiti yanafika kiunoni, moto unatoka kila kiungo, na herufi za mganga zimemzunguka kama siafu. Alikuwa amepanua miguu juu ya kitanda cha mtoto, jinsi ninavyosimama mimi mbwa wa watu wakiingia uani. Mkono umeinuliwa, na kidole gumba kimepinda kwa nje. Mstari ule wa wino ningeujua hata gizani. Pan Gejer haoni hata wali kwenye sahani yake. Aliandika herufi kwa mazoea, na picha akamwachia msaga wino.

Nimeishi miaka mingi, nimekwenda msibani na harusini, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo. Hicho kitu kingemrudisha Bwana Mwenye Chonge mwenyewe Nusa kwa kuogelea. Na kilikuwa kimetoka kwa mtoto niliyemfuta makamasi. Nikashika nguzo ya kitanda nisianguke, si kwa uzee. Men Soka aliona. Akasogea, ufagio mkononi.

Ndipo Luh Tuwi alipofumbua macho. Akaniona, akainua mkono, hakuuleta kwangu. Aliunyoosha juu, kwenye kitambaa.

"Dadong," akasema. Kisha akaniangalia mimi. "Dadong."

Akafanya tena, juu na chini, kama anatufundisha.

Men Soka akaweka ufagio chini. Akanishika mkono kama mtu anayekagua mguu wa kuku sokoni, akaunyanyua mpaka karibu na kitambaa, akakigeuza kidole huku na huku. Rempen alikaa chini sakafuni. Mmoja wa kaka alianza kukohoa na hakuweza kuacha.

"Hiki kidole kimekuwa hapa tangu lini?" Men Soka akauliza.

"Tangu nilipokiponda na mchi."

"Nauliza cha juu."

"Tangu ulipokitundika, mkwe wangu."

Akatazama chini ya kitambaa. Palikuwa na sadaka ya asubuhi, wali juu ya jani la mgomba, chumvi, tangawizi, maua ya njano yaliyopangwa kwa usafi wake wote. Nyuma yake palikuwa na majani makavu ya sadaka za jana na juzi.

"Basi umenilisha kila asubuhi," nikamwambia. "Kahawa tu ndiyo umeninyima."

Hakucheka. Nilimwona akiwaza, na ningemwonea huruma kama nisingekuwa na haraka. Angeweza kukichana. Lakini mtoto alikuwa hai chini ya kitambaa kile, katika msimu ambao mtoto wa mfumaji amekufa, na sasa alikuwa ameamka anaomba kubebwa. Men Soka akatoka nje. Nikasikia moto unapulizwa jikoni. Nikaketi kitandani nikampakata mjukuu wangu, akaniwekea mdomo wake wa moto shingoni.

Men Soka alirudi na glasi mbili za kahawa. Moja akaiweka chini ya kitambaa, pamoja na wali. Nyingine akanipa mkononi.

Siku iliyofuata

Homa ipo. Amekula uji wa vidole viwili, vyangu.

Siku nyingine

Homa ipo. Nalala kwa Men Soka. Anakoroma kwa usafi.

Siku nyingine

Ameomba ndizi. Alipopewa akasema hapana. Men Soka na mimi tulitazamana.

Mwezi wa tisa, nyumbani

Nimemkalisha Nyoman barazani. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia, nikilala nyumba tupu, huku anajua ni nini kinaning'inia pale. Akasema aliogopa. Wangejua kitambaa cha kinga kimetoka kwa mchora madubwana ya wageni, wangekitupa, na mtoto angebaki bila kitu juu yake. Nikamuuliza, na sura?

Akasema, "Mama, nilitafuta sura ambayo ugonjwa wenyewe ungeiogopa. Kila nikitafuta, mkono unakuja kwako."

Nikampiga na upawa. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikakaa huko kidogo.

Mwezi wa tisa, jioni ya rejang

Men Soka si wa mtaa wetu, zamu yake ni jioni nyingine. Amekuja leo, amevaa kitambaa chake cha njano, akasimama kulia kwangu, karibu hata kiwiko chake kikanigonga kila tulipogeuka. Kushoto kwangu akaja mama wa mtoto aliyekufa. Huyo sikumtarajia. Hakunitazama, alicheza tu, machozi yanamtoka na mikono haikukosea. Kama Bwana Mwenye Chonge alikuwepo, basi aliona wanawake.

Mwezi wa tisa, asubuhi

Mholanzi mmoja wa Ubud amekuja kununua mchoro mkubwa. Alipiga magoti mbele yake, mtu mrefu vile. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akamuuliza mkalimani yule wa katikati ni nani, Nyoman akajibu ni mama yake. Mholanzi akacheka sana akidhani ni mzaha. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo. Nikamwinulia kidole.

Akaacha kucheka. Akaniinamia, kama wanavyowainamia makuhani.

Sasa nitapanda meli, nitatundikwa ukutani katika nchi ya baridi, na watu wenye soksi watakula mbele yangu. Wasile vibaya tu.

Mkesha wa siku ya kimya

Rejang imekwisha. Jioni hii kijiji kizima kinapiga masufuria kuwafukuza mashetani, na Luh Tuwi, miguu bado kama vijiti vya mishikaki, anazunguka ua akipiga kifuniko changu kipya kwa mwiko. Ametoa macho na ulimi, ameinua mkono mmoja na kukipinda kidole gumba kwa nje. Nikamuuliza yeye ni nani. Ananitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

Kitambaa tumekihamishia kwetu, Men Soka alikileta mwenyewe, pamoja na kahawa yake.

Kesho hatuwashi moto, hatutoki, hatufanyi kazi, na kuandika ni kazi. Nafunga. Upande wa pili wa karatasi hii hakuna zimwi zima, ni jicho tu, Nyoman alidondosha wino akaliacha. Linaonekana mpaka huku, katikati ya maneno yangu. Nimeyaandika kulizunguka, nisilifunike.